Petroli Iliyolala Tangini

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia



Mwaliko ulisema tutazungumza juu ya utunzaji wa mali ya kikundi, na tunaona wengi mmekuja na vitabu vya hesabu. Viwekeni kando kidogo. Leo tunaanza na pikapu.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka mboga sokoni. Viongozi wakakosana juu ya nani ashike ufunguo, bima ikaisha, na gari likaachwa chini ya mwembe. Likakaa hapo zaidi ya mwaka. Kuku wakataga ndani. Walipopatana, kila mtu alitaka gari liondoke siku hiyo hiyo, lakini likakataa kuwaka. Mmoja akasema petroli imezeeka, itolewe. Basi kijana akachukua kipande cha mpira, akakiingiza tangini, akavuta kwa mdomo. Petroli ikampalia. Akina mama wakakimbia na maziwa, wakamnywesha ili atapike. Kufika jioni alikuwa anapumua kwa shida, akalazwa hospitali.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi tulijilaumu. Tulikuwa tumewafundisha watu hao kuandika katiba na kumbukumbu za mikutano, na juu ya mafuta hatukuwaambia hata neno moja. Kwa hiyo leo tunalipa deni.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi, vinavyosaidia injini kuwaka, huruka hewani kidogo kidogo. Vinavyobaki hushikana na hewa vikawa kama gundi, na gundi hiyo huziba filta na vitundu vya kabureta. Miezi mitatu hadi sita inatosha kuanza kuiharibu, na joto huharakisha. Tangi lisilojaa hupata maji pia, maana hewa ya ndani ikipoa usiku hutoa umande. Kuitambua si kazi. Tia kidogo katika chupa safi ya kioo: ikiwa imegeuka rangi na inanuka kama vanishi ya seremala, imekwisha. Msiendelee kupiga stata, mtamaliza betri bure na kupeleka uchafu mbele.

Sasa namna ya kuitoa. Kama kuna fundi anayeaminika, mwiteni. Pesa yake ni ndogo kuliko ya hospitali. Hata hivyo msimwachie kila kitu, maana tumewaona mafundi wakifanya kazi hii na sigara mdomoni.

Gari lisukumwe hadi mahali wazi, mbali na jikoni, mbali na jiko la makaa na taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini kama maji, huingia mtaroni na shimoni, na ukikuta moto mita nyingi kutoka hapo, moto hurudi nao hadi kwenye tangi. Kwa hiyo mama anayepika nyuma ya ukumbi naye lazima aambiwe. Watoto waondoke. Injini iwe imepoa. Fungueni waya wa hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa, ili cheche isitokee. Mchanga uwe karibu, ndoo mbili au tatu. Maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kuutembeza moto.

Magari mengi ya zamani yana bolti chini ya tangi. Ilegezeni polepole, mafuta yaingie katika chombo cha chuma kilichowekwa chini ardhini. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kama hakuna bolti, tumieni pampu ya mkono. Mdomo hapana, hata kama babu yako alivuta miaka yote. Petroli kidogo ikiingia mapafuni huyaunguza, na anayetapishwa huivuta mara ya pili. Aliyemeza asuuze mdomo, asitapishwe, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Nguo iliyomwagikiwa ivuliwe papo hapo, na ngozi ioshwe kwa sabuni.

Tangi likishakuwa tupu, watu hupumua wakidhani hatari imekwisha. Jamani, tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu limejaa mvuke. Kama lina tundu, msimruhusu mtu kulichomelea hivi hivi, litapasuka kama bomu. Lisuuzeni kwa lita mbili za petroli mpya, muitoe hiyo nayo, mbadilishe filta, kabureta isafishwe, ndipo mtie mafuta mapya.

Na ile ya zamani? Hapa ndipo huwa tunabishana. Mweka hazina mmoja alituambia, "Hizo ni lita kumi na tano, ni pesa!" Tunamwelewa. Hata waliokimbilia lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, wengi wao walikuwa watu wa kutafuta mkate tu, na zaidi ya 100 walikufa. Mwaka 2011 mafuta yalivuja katika kijiji cha Sinai, Nairobi, na yakawa yale yale. Hatuwaambii haya ili kuwatisha. Tunataka mjue kwamba mafuta ya bure yana namna yake ya kudai malipo.

Kwa hiyo msiiuze, wala msiichanganye na mafuta ya taa. Koroboi yenye petroli hulipuka, na walio karibu nayo usiku ni watoto wanaosoma. Msiimwage chooni, kwani atakuja mtu na kiberiti. Msiimwage mtoni wala karibu na kisima. Ifungeni vizuri katika mtungi wa chuma, mwandike juu yake kwa rangi, muipeleke kwa gereji au kituo cha mafuta kinachokubali kupokea mafuta machafu. Ulizeni kabla ya kusafiri nayo, na msiipakie ndani ya matatu yenye abiria.

Kile kikundi chetu sasa kina sheria ndogo: gari likisimama mwezi mzima, ajenda ya kwanza mkutanoni ni hilo gari, na ugomvi wa ufunguo unafuata baadaye.

Tumenunua pampu moja ya mkono na mitungi miwili ya chuma, na vyote viko katika ofisi ya parokia. Kikundi kinachohitaji kiazime na kutia sahihi. Mitungi irudi mikavu, imeanikwa nje vifuniko vikiwa wazi.