Orodha ya Majina: Kifua Kikuu Sugu na Watu wa Karibu
(Hotuba kwa wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama)



Sisi makarani twajua kwamba jina lisiloandikwa daftarini husahauliwa. Leo twaomba kusema habari ya orodha moja ambayo upungufu wake huua: orodha ya waliokaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu sugu.

Kifua kikuu huwa sugu pale ambapo vijidudu vyake havifi tena kwa rifampisini na isoniazidi, dawa mbili zilizo nguzo ya tiba. Wengi hudhani kwamba usugu humpata yule tu aliyeacha dawa njiani. Sivyo. Mgonjwa akikohoa hutoa hewani vijidudu vilivyo sugu tayari, na mtoto wake, asiyepata kumeza kidonge hata kimoja, huvivuta vivyo hivyo.

Kwa hiyo, aonekanapo mgonjwa mmoja, hapana budi watu wote wa nyumba yake waangaliwe. Wala tusiwasahau wengine: mvuvi aliyelala naye kambi moja kando ya ziwa huku Musoma, mpangaji mwenzake wa chumba mjini Bunda, mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, katika Butiama, ambaye vumbi la mawe limekwisha kudhoofisha mapafu yake, na karani mwenzake wa ofisi iliyofungwa madirisha.

Mwenye kikohozi, homa, jasho la usiku au kukonda apimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert. Kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha kama vijidudu vimo, na kama vimeishinda rifampisini. Darubini haiwezi kuonyesha usugu huo. Asiye na dalili naye asiachwe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, akithibitika hana ugonjwa, aweza kupewa levofloksasini miezi sita kuwa kinga. Na arudi kuangaliwa tena, kwa maana wengi wanaougua huugua katika miaka miwili ya kwanza.

Tiba hii ilipoanza nchini mwaka 2009, wagonjwa walilazwa Kibong'oto, Kilimanjaro, mbali sana na jamaa zao. Siku hizi yaweza kutolewa karibu na kwao. Kilichobaki kuwa kizuizi ni aibu: mgonjwa huficha majina, akiogopa kukimbiwa.

Basi, wenzetu, tusimkimbie. Na siku tutakapoitwa hospitali kwa kuwa rafiki ametutaja, tusikasirike. Tumshukuru, kwa maana ametutakia uzima.