Dhamana Iliyokufa: Asili ya Neno "Mortgage" na Hatima ya Ardhi ya Mdaiwa



Kila aombaye benki mkopo wa nyumba hukutana na neno "mortgage". Asili yake ni Kifaransa cha kale, lugha iliyoingia Uingereza na Wanormani mwaka 1066 ikatawala mahakama zake kwa karne kadhaa. "Mort" ni kufa, "gage" ni dhamana. Dhamana iliyokufa. Je, kilichokufa ni nini?

Jibu la kale limo katika kitabu cha sheria kinachoitwa kwa jina la Glanvill, cha mwishoni mwa utawala wa Mfalme Henry II, miaka ya 1180. Enzi hizo mkopeshaji alikabidhiwa shamba lenyewe akalivuna. Palikuwa na dhamana hai, ambayo mavuno yake yalipunguza deni hata likaisha. Palikuwa pia na dhamana iliyokufa: mkopeshaji alikula mavuno yote na deni likabaki vilevile. Kitabu hicho kinaihesabu ya pili kuwa riba, lakini mahakama ya mfalme haikuikataza.

Karne tatu baadaye Thomas Littleton, jaji aliyefariki mwaka 1481, alitoa maelezo mengine. Katika zama zake mdaiwa alimhamishia mdai umiliki, kwa sharti kwamba atarudishiwa akilipa siku iliyotajwa. Asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, imekufa kwa mdai. Mwanasheria Edward Coke alishika maelezo hayo mwaka 1628, na ndiyo wanafunzi wetu wanayokariri hadi leo. Naona ya Glanvill yana nguvu zaidi, kwa kuwa yanatuonyesha na ile iliyo hai, nasi tunapata kujua iliyokufa imekosa nini.

Utaratibu wa Littleton ulikuwa mkali mno. Aliyechelewa siku moja alipoteza shamba lote, hata kama deni lilikuwa dogo na shamba kubwa. Katika karne ya 17 Mahakama ya Chansela ilikataa. Iliamua kwamba haki ya kukomboa haifi siku ya malipo inapopita, wala mkopeshaji hawezi kuiondoa kwa maneno ya ujanja ndani ya mkataba. Majaji walivuka karatasi wakauliza: watu hawa walikuwa wakiuziana, au walikuwa wakikopeshana?

Swali hilo pwani yetu inalijua. Sisi tuna rehani, neno lenye asili ya Kiarabu, na fikra yake imo katika Kurani, Sura ya 2, aya ya 283. Lakini Unguja na Pemba katika karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu walikopa pia kwa bei ya khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji, akabaki shambani akilipa kodi, naye alikuwa na hiari ya kulinunua tena. Kodi ilisimama mahali pa riba iliyoharamishwa. Tazameni jinsi inavyofanana na utaratibu wa Littleton! Watu wa dini mbili, waliotenganishwa na bahari na karne, waliuvisha mkopo vazi la mauzo.

Sheria zetu za sasa zimelivua vazi hilo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi haki yoyote katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 ina msimamo huohuo. Zote mbili zinataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, jambo ambalo Littleton na Coke hawakulifikiria.

Hata hivyo vazi limerudi kwa mlango wa nyuma. Katika mikopo ile ambayo mitaa yetu inaiita kausha damu, mwenye shida husainishwa mkataba wa mauziano. Hakuna neno deni wala rehani humo. Kuna muuzaji, mnunuzi na bei. Akishindwa kulipa, mkopeshaji hamwiti mdaiwa. Anamwita mtu aliyeuza nyumba akakataa kuhama.

Hapa ndipo somo la ushahidi linapokuwa la uhai. Kanuni yetu ya kawaida ni kwamba maneno ya mdomo hayapindui mkataba ulioandikwa, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, kama penye hila. Mwaka 1859, katika shauri la Lincoln dhidi ya Wright, mahakama ya Uingereza ilikubali ushahidi wa mdomo kuthibitisha kwamba hati iliyosomeka kama mauzo kamili ilikuwa dhamana ya mkopo. Haikuruhusu kanuni ya maandishi iwe kichaka cha udanganyifu. Naziomba mahakama zetu zishike njia hiyo kwa uthabiti: zimsikilize mjumbe wa mtaa aliyeshuhudia fedha zikihesabiwa, zipime bei iliyoandikwa dhidi ya thamani ya nyumba, na zimuulize mnunuzi kwa nini muuzaji alibaki ndani huku akimpelekea marejesho kila wiki.