Mbwa wa Kongo na Kitabu cha London

Popote ulipo, Matayos, Nambale, Amagoro, ama wewe dereva uliyezima injini kwenye foleni ya Malaba ukingoja kuvuka, leo tunazungumzia mbwa. Si wale wanaojilalia chini ya malori hapo ulipo. Nazungumzia mbwa wanaooshwa kwa shampuu, wakachanwa manyoya, wakatembezwa mbele ya jaji, kisha mmoja akatoka na kombe.

Mambo haya yalianza Uingereza. Juni 1859, mjini Newcastle, wawindaji walileta mbwa wao wapatao 60 kwenye maonyesho ya kuku. Ndiyo, kuku, mbwa walikuwa nyongeza tu. Washindi wakapewa bunduki, maana siku hizo mbwa alikuwa wa kazi na mwenye mbwa alikuwa mwindaji.

Mwaka 1873 kikaundwa chama cha Kennel Club jijini London, na chama hicho kikaanzisha kitabu. Kila mbwa aliandikwa jina lake, la baba yake na la mama yake. Hapo, msikilizaji, ndipo mchezo ulipogeuka. Mbwa aliyekuwa akisifiwa kwa kukimbiza sungura akaanza kusifiwa kwa nasaba, na kwa umbo linalolingana na maelezo yaliyoandikwa: sikio likae vipi, mkia upinde wapi. New York wakafuata mwaka 1877 kwa maonyesho ya Westminster, ambako walifika mbwa zaidi ya 1,200. Mwaka 1891 Charles Cruft, mtu wa biashara ya biskuti za mbwa, akafungua yale yanayoitwa Crufts hadi leo. Hata Malkia Victoria alipeleka mbwa wake. Ukishapata malkia, tangazo la biskuti la nini tena?

Huku kwetu East Africa Kennel Club imekuwa ikiandaa maonyesho yake Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri. Busia na Malaba hatumo katika ramani hiyo. Mbwa wa huku analinda boma na kufuata watoto mtoni, na akivushwa mpaka kihalali, daktari wa mifugo anataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Habari za babu yake hazimhusu.

Lakini yuko mbwa wa upande wetu wa dunia aliyefika jukwaani. Anaitwa Basenji. Ukimwona unaweza kudhani ametoka kwa jirani yako pale Butula: mwembamba, wa kahawia, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni. Tofauti ni kwamba habweki. Ana sauti yake, kama anayeimba, na wawindaji wa Kongo humfunga njuga shingoni ili wajue aliko ndani ya nyasi.

Basenji wa kwanza walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakaonyeshwa Crufts, kisha wakafa kwa distempa, ugonjwa ambao miili yao haikuuzoea. Mwaka 1937 mwanamke aitwaye Olivia Burn akawapeleka wengine Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama. Mbwa aliyewinda na wenyeji vizazi na vizazi sasa akapewa jina rasmi na ukurasa kitabuni. Mwaka 2001 Basenji akawashinda mbwa wote wa Crufts.

Sasa sikia upande wa pili. Kitabu kikishafungwa, yaani mbwa wa nje asiandikwe tena, waliomo wanazaana wao kwa wao, na ndugu hukutana na ndugu. Basenji wa Marekani walitokana na wazazi wachache, na kufikia miaka ya 1980 ugonjwa wa figo wa kurithi ulikuwa umewaandama, pamoja na maradhi ya damu. Wafugaji wakakuna vichwa. Dawa hawakuipata katika maabara. Mwaka 1987 na 1988 walipanda ndege hadi Zaire, jina la Kongo siku hizo, wakaingia vijijini kaskazini mwa nchi, wakaomba mbwa kwa wawindaji: mbwa wasio na cheti, ambao babu zao hawakuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 1990 chama cha Marekani, American Kennel Club, kikakubali kufungua kitabu, na mbwa hao wa kijijini wakaandikwa Basenji halisi.