Viota vya Nyigu katika Kaya za Vijijini: Sababu za Kuachana na Moto

Mada kwa ajili ya semina ya maafisa ugani, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya

Utangulizi na fasili

Mada hii inahusu viota vya nyigu vinavyojengwa kwenye nyumba, maghala, vyoo na miti ya kaya za vijijini nchini Tanzania. Nyigu anafahamika kwa kila mshiriki, kwa hiyo inatosha kukumbusha kwamba ana kiuno chembamba na kwamba mwiba wake, tofauti na ule wa nyuki, haunasi kwenye ngozi, jambo linalomwezesha kudunga mara nyingi bila kufa. Nyigu wajengao kwa udongo huishi kila mmoja peke yake na ni nadra kumdhuru mtu asiyewashika. Wanaohusika hapa ni nyigu wa kijamii, yaani wale wanaoishi pamoja na kujenga sega kwa nyuzi za mti zilizotafunwa zikawa mfano wa karatasi, sega ambalo aghalabu huwa wazi na huning'inia kwa kikonyo chini ya upenu wa paa. Mavu wakubwa wa Ulaya na Asia, wanaofunika kiota chao kwa ganda, hawapo nchini, na ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili yao hayafai kunakiliwa bila kupimwa.

Tatizo la moto

Njia inayotumika zaidi vijijini ni kufunga kitambaa kwenye ufito, kukilowesha mafuta ya taa, kukiwasha na kukisogeza kwenye kiota. Njia hii imekemewa katika mafunzo mengi, na bado inaendelea, hata katika majengo ya umma ambayo wasimamizi wake wamehudhuria mafunzo hayohayo. Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, ni vigumu kuelewa kwa nini.

Madhara yake yako wazi. Sega ni karatasi, hivyo likishika moto huweza kudondoka likiwaka juu ya nyasi, makuti au magunia ya mahindi yaliyo chini yake. Nyigu walioguswa na joto huruka kabla ya kufa na kumkabili aliyeshika ufito, ambaye mara nyingi amesimama kwenye ngazi isiyo imara, kiasi kwamba anguko laweza kumdhuru kuliko miiba yenyewe. Kazi ikifanyika mchana, nyigu walio mawindoni hunusurika, na wakirudi huweza kuanza kujenga jirani na palepale. Baadhi ya kaya zimeacha moto zikageukia viuatilifu vya shambani, yaani sumu za kuua wadudu wa mazao, vinavyonyunyiziwa juu ya ghala la chakula. Huko si kutatua tatizo bali kulihamisha.

Chanzo cha hali hii ni pengo la wajibu. Zimamoto, wanaopatikana kwa namba 114, mara nyingi wako mbali na kijiji. Afisa ugani huona kwamba nyigu si mdudu wa mazao. Zahanati humpokea mtu akiwa tayari ameshadungwa. Kila ofisi ina hoja yake halali, na mwananchi hubaki na kiberiti.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kiota kilicho mbali na njia za watu kiachwe, kwa kuwa nyigu hawa hulisha mabuu wao viwavi, wakiwamo wanaoharibu mazao. Inapendekezwa upenu ukaguliwe mara kwa mara, kwa sababu kiota kichanga chenye nyigu mmoja au wachache huangushwa kwa ufito mrefu bila taabu. Kiota kikubwa kilicho mlangoni kishughulikiwe usiku, wakati nyigu wengi wametulia juu ya sega, na mtendaji avae mabuti, glavu na wavu wa mrina asali, asisimame chini ya kiota wala juu ya ngazi, na apulizie kwa bomba maji mengi ya sabuni, ambayo huziba matundu ya kupumulia ya mdudu, au dawa ya pareto iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani. Mwanga mwekundu ni bora, kwa kuwa nyigu hawauoni vizuri. Kabla ya yote ihakikishwe kwamba wadudu hao si nyuki, kwani kundi la nyuki lililo darini ni kazi ya afisa nyuki au mfugaji mzoefu.

Inapendekezwa kila kijiji kiteue mtu mmoja wa kazi hii na kumpatia vifaa, ili pengo la wajibu lililoelezwa hapo juu lizibwe. Zahanati ziwe na adrenalini wakati wote, kwa sababu mtu mwenye mzio mkali, hali ambayo mwili hupambana na sumu kupita kiasi hadi pumzi kubana na shinikizo la damu kushuka, anaweza kufa katika muda mfupi. Mtu mzima huchomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Viuatilifu vya shambani visitumike ndani ya nyumba wala ghalani. Mwisho, ingawa limekwisha kutajwa, moto usitumike kabisa, hata kwenye nyumba ya bati, kwa kuwa kenchi zinazolibeba bati hilo kwa kawaida ni za mbao.