Hoja Imfikie Mwenye Uwezo



Nimeombwa nizungumzie ufundi wa kuwashawishi watu kwa maneno, kazini na katika maisha ya kila siku. Huenda baadhi yenu mkasema kwamba hiyo ni kazi ya mawakili na wanasiasa. La hasha. Mama adaiye dawa katika zahanati, mfanyakazi aombaye mshahara uliocheleweshwa, mzazi atakaye kujua karo imetumiwaje: wote hao wana kesi, na hakimu wao ni yule anayewasikiliza. Wengi hushindwa ilhali haki ni yao, kwa sababu hoja yao haikumfikia mwenye uwezo wa kuitimiza.

Natoa ushahidi wangu. Mwaka 1989, wakati wa chama kimoja, palikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliupinga. Alikejeliwa Bungeni. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Desemba kesi yake ikatupwa kwa msingi kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Kwa mtu mwingine mambo yangeishia hapo.

Lakini mama huyo alikuwa amejiuliza swali ambalo sisi hulisahau: fedha za jumba hili zatoka kwa nani? Zilitegemewa kutoka nje. Kwa hiyo aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, na kwa Balozi wa Uingereza hapa Nairobi. Katika barua kwa balozi huyo alilinganisha jambo hilo na kujenga jumba la namna hiyo ndani ya Hyde Park kule London. Mlinganisho huo haukuhitaji mkalimani. Mwanzoni mwa 1990 wawekezaji wa kigeni walijitoa, na bustani ipo hadi leo. Pale mahakama ilipomfungia mlango, barua zilimfungulia.

Tazameni alivyofanya. Alimtafuta mwenye ufunguo, akazungumza naye kwa mfano wa nyumbani kwake msikilizaji, na akadai jambo moja tu: bustani isiguswe. Makosa ya utawala ule yalikuwa mengi, lakini hakuyarundika yote katika barua moja.

Miaka 35 baadaye vijana wetu walifanya vivyo hivyo. Mwaka 2024 waliuchukua Mswada wa Fedha, maandishi marefu ya kisheria yaliyo katika Kiingereza, wakaufafanua kifungu baada ya kifungu kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Hawakuanza na nadharia za uchumi, bali na bei ya mkate. Tarehe 18 Juni pendekezo la ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate liliondolewa, pamoja na lile la asilimia 2.5 juu ya magari. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada wenyewe.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya kwamba maneno peke yake yalitosha. Siku moja kabla ya tangazo hilo vijana walipigwa risasi na kuuawa karibu na Bunge. Hata kifungu cha 2A hakikufutwa mnamo Desemba 1991 kwa hotuba tu. Damu ilikuwa imemwagika siku ya Saba Saba 1990, na wafadhili walikuwa wamezuia misaada Novemba 1991. Hoja huhitaji nguvu ya watu nyuma yake. Lakini umati usio na hoja hutawanywa kwa gesi ya machozi, na kesho yake hakuna ajuaye ulikuwa ukidai nini.

Sasa tuje katika kaunti zetu. Zahanati haina dawa. Wananchi wanakwenda katika kikao cha maoni, wanapaaza sauti kwamba wamechoka, na afisa anaandika: "Wananchi walishirikishwa." Kikao kimekwisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na kifungu cha 37 kinatupa haki ya kuwasilisha malalamiko. Aidha, sheria imeweka kalenda. Taarifa ya mwelekeo wa matumizi hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Alalamikaye Agosti hukuta sahani zimekwisha kuoshwa.

Nendeni basi mapema, mkiwa na karatasi moja: zahanati gani, dawa gani zimekosekana na kwa siku ngapi, mnataka nini kifanyike, na nani akifanye. Nakala moja ibaki kwenu, ikiwa na mhuri wa ofisi. Na kabla ya kwenda, semeni ninyi wenyewe jibu lenye nguvu kuliko yote ambalo afisa aweza kuwapa. Akisema hakuna fedha, muwe mmeusoma ukurasa wa bajeti unaoonyesha zilikokwenda. Mfanyakazi naye asianze kwa kumtusi mwajiri. Aanze na mkataba, tarehe na kiasi anachodai. Msikilizaji aliyetukanwa hupata kisingizio cha kutojibu.

Neno la mwisho ni onyo. Ulimi huohuo ushawishio huweza kuchoma nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya Wakenya 1,000 walikufa, na maneno ya chuki yalikuwa miongoni mwa kuni za moto ule. Amwambiaye mtu uwongo kuhusu jirani yake hajamshawishi; amemnyang'anya uwezo wa kuamua, na uwezo huo ndio tuliopigania tulipodai vyama vingi.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho cha kaunti yenu, kaeni pamoja mchague jambo moja, msemaji mmoja na karatasi moja. Kisha jazeni ukumbi.