Diwani Wetu, Mbio Zake na Paa la Bweni

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Kamati ya fedha imepewa dakika ishirini. Kwa kawaida tukipewa nafasi hii tunasoma mapato na matumizi, mnatupigia makofi ya adabu, kisha watu wanaanza kuangalia upande wa chakula. Mwaka huu taarifa ya hesabu imechapwa kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, na aliyeikagua ameweka saini yake. Isomeni mkiwa mmetulia, mwenye swali atupate. Leo tumeomba tuzungumze juu ya mtu mmoja, diwani wa kata yetu, na mbio anazokimbia, kwa sababu mbio hizo sasa zimeingia kwenye vitabu vyetu vya hesabu.

Mwenyewe hayupo hapa. Ametuomba tusimtaje jina wala tusiweke picha yake kwenye kijitabu, nasi tumekubali kwa furaha. Yeye ana haya zake. Sisi tuna sababu yetu: chama hiki si cha siasa, kina watu wa vyama vyote, na tungependa kibaki hivyo.

Kwa waliokaa mjini muda mrefu, tuseme kwanza diwani anafanya nini, maana wengi wanamwona kama mbunge mdogo. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa vijiji ni wajumbe na Mtendaji wa Kata ni katibu. Ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, linalokaa kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya baraza kuna kamati za kudumu: ya elimu, afya na maji, ya uchumi, ujenzi na mazingira, na ile ya fedha, uongozi na mipango, ambayo hukaa kila mwezi. Huko ndiko bajeti inakochambuliwa kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Huko ndiko inakoulizwa ile mikopo ya asilimia kumi, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, imekwenda kwa nani na nani amerejesha. Na kwa yote hayo diwani si mwajiriwa. Ana posho, hana mshahara, na shamba lake la vitunguu saumu linamngoja palepale.

Hayo ni yale yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa ni mengi zaidi: msiba, harusi, mgonjwa wa kukimbizwa Haydom usiku, ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya jirani, ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao, mtoto aliyefaulu lakini hana sare. Simu ya diwani haizimwi.

Katikati ya hayo, mtu huyu anakimbia. Hajawahi kuwa mwanariadha wa kulipwa. Alianza baada ya kuvuka miaka arobaini, daktari alipomwambia kwamba presha imeanza kupanda na kazi yake ni ya kukaa vikaoni. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, siku nne kwa wiki. Siku tatu anakimbia saa moja, na Jumamosi anakimbia saa mbili. Tukijumlisha ni saa tano. Wiki ina saa 168. Tunazitaja saa hizo kwa sababu kuna mkutano wa kijiji ambako watu walisimama wakasema diwani anatumia muda wa wananchi kufanya michezo, na ukavuma utani: diwani anakimbia nini, au anatukimbia sisi? Ni saa tano kati ya 168, zote kabla mlango wa ofisi ya kata haujafunguliwa. Wapo humu ukumbini wanaotumia zaidi ya hizo kila wiki kutazama ligi ya Uingereza, na hakuna aliyewahi kuwaitia mkutano.

Watu wa kwetu hatuna haja ya kufundishwa kwamba mtu anaweza kuwa na kazi yake na bado akakimbia. Filbert Bayi, wa Karatu hapo kwa majirani zetu, alikuwa askari alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Alphonce Simbu naye ni askari, na mnakumbuka tulivyokesha Septemba 2025 akitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Na mzee wetu John Stephen Akhwari hatutarudia hadithi yake, maana mmeisikia tangu mkiwa darasa la kwanza: Mexico, mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, 75 walianza na 57 wakamaliza, naye akiwa wa 57. Ila kuna jambo ambalo wageni wakisimulia hulipita haraka. Baada ya Mexico alirudi Mbulu akalima. Kwetu mkimbiaji na mwenye jembe mara nyingi ni mtu yuleyule.

Turudi kwa diwani. Hakimbii uwanjani. Anapita barabara za vumbi, anashuka korongoni, anapanda upande wa pili, na kwa kuwa yuko kwa miguu anaona vitu ambavyo mtu aliye kwenye pikipiki haoni. Anaona bomba linalovuja tangu usiku. Anaona kalvati lililoanza kuliwa na maji kwa chini wakati juu bado linaonekana zima. Na anawaona wanafunzi. Saa kumi na moja na nusu, giza bado limetanda na ukungu wa kwetu mnaujua, anakutana na wasichana wa sekondari wakienda shule kwa miguu, wachache wakiwa na tochi.

Siku za mwanzo waliposikia hatua za mwanamume nyuma yao gizani walikimbilia vichakani. Akajifunza kukohoa akiwa mbali, kisha kuita na kutaja jina lake, ili wajue ni nani anayekuja. Alipotusimulia jambo hili kwa simu hakulisema kwa kulalamika. Alisema tu kwamba amekuwa akihudhuria vikao vya elimu miaka yote, amesikia neno "umbali wa shule" mara nyingi, lakini hakuwa amelielewa mpaka alipoona watoto wale wakiacha njia kwa ajili yake yeye. Kwa wiki mbili akahesabu anaokutana nao na mahali anapokutana nao, akaipeleka hesabu hiyo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Bweni likapangwa mbele ya uzio wa ofisi. Wananchi wakasomba mawe na mchanga, nasi wa mjini tukanunua saruji, na leo boma limefika lenta. Limebaki kupauliwa.

Hapo ndipo tulipo. Boma lisilo na paa katika mvua za kwetu haliwezi kungoja misimu mingi.

Sasa tuseme jambo ambalo halitawapendeza wote. Mwaka jana diwani alikuwa amejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Alifanya mazoezi tangu Oktoba. Ijumaa asubuhi akapanda basi. Alipofika Karatu simu ikaita: mvua ya usiku imelibeba kalvati, watoto wako upande wa pili wa korongo. Akashuka, akavuka barabara, akasimama kungoja gari la kurudi Mbulu. Namba yake ya mbio haikuchukuliwa.

Watu wengi walimsifu, na sifa anastahili. Lakini sisi wa kamati tuliuliza alifanya nini alipofika. Jibu ni kwamba alipiga simu. Mtendaji wa Kata alikuwepo, mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, vijana wenye kamba walikuwepo, ila namba ya mwenye trekta, ya fundi na ya mhandisi wa barabara zilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja. Katika kazi yetu ya uhasibu tunamwogopa sana mtu asiye na mbadala, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Akiugua, kazi imesimama. Akichoka, kazi imeharibika. Akisingiziwa, hakuna shahidi.

Na kusingiziwa alisingiziwa. Ipo desturi miongoni mwa watu wetu wa mjini ya kumtumia diwani fedha kwa simu. Huyu anatuma rambirambi, yule anatuma ada ya mpwa wake, mwingine anatuma mchango wa saruji na kumwambia kinachobaki ampe bibi. Zote zinaingia kwenye simu moja, na simu haijui hii ni ya bweni na hii ni ya bibi. Msimu wa mvua uliopita likazuka neno kwamba diwani amekula saruji. Ule utani wa kukimbia ukapata mkia: kumbe anakimbia na hela zetu.

Kamati ilituma watu wawili nyumbani. Diwani hakukasirika. Alitoa daftari la shule la kurasa themanini, lile la mistari. Upande mmoja ameandika tarehe na kilomita alizokimbia, upande wa pili fedha zilizoingia, nani katuma, zimekwenda wapi. Tulilinganisha na ujumbe wa simu, mstari kwa mstari, kwa siku mbili. Hesabu ilikubali. Kitu pekee kilichozidi ni makato ya kutoa fedha kwa wakala, ambayo alikuwa akiyalipa mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Wenzetu wale wawili wamefanya ukaguzi kwenye makampuni makubwa hapa mjini, na walirudi wakisema wameona vitabu vibaya kuliko daftari lile.

Hata hivyo daftari zuri si utaratibu. Kwa hiyo kuanzia mwaka huu mchango wowote wa bweni hauendi kwenye simu ya diwani. Unaingia kwenye akaunti ya chama, yenye watia saini wawili. Kutoka hapo unakwenda akaunti ya shule, na matumizi yanasimamiwa na kamati tatu za wananchi: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Anayenunua mabati siye anayeyapokea, na anayeyapokea siye anayeyapigilia. Diwani atasimamia kama mwenyekiti wa kata, atauliza maswali, hatagusa shilingi. Namba za fundi, mwenye trekta na mhandisi sasa zimebandikwa ukutani ofisi ya kata, na Mtendaji anazo. Tulipomweleza diwani alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo ina maana Jumamosi anaweza kuzima simu kwa saa mbili. Tulimwambia azime.

Ndugu zetu, mwaka ujao amejiandikisha tena. Mbio ni zilezile, nusu marathoni, kilomita 21 na kipande. Njia yake wanaoijua wanasema haina huruma, maana inapanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha mjini. Safari hii tumeomba akimbie kwa ajili ya paa la bweni. Kila kilomita itakuwa na mdhamini wake, mtu au familia au kikundi.

Ndani ya kamati lilitokea bishano, nasi tunaona ni haki mlisikie. Baadhi walitaka mdhamini alipe tu kwa kilomita zitakazokimbiwa. Wengine wakauliza: je, akishukia tena Karatu? Bishano lilichukua jioni mbili. Tukaamua ahadi ni ya paa, si ya miguu ya mtu. Akimaliza, akichechemea, akiitwa arudi, mchango ni uleule. Vijana wetu wawili wanaosoma Arusha watakimbia pamoja naye, kwa hiyo kilomita hazitakosa mtu wa kuzikimbia. Fulana zitakuwa na jina la shule tu. Hakuna jina la diwani, hakuna rangi ya chama chochote, na anayetaka kuja Moshi kupiga kampeni apande gari lake mwenyewe.

Neno moja zaidi, na hili tunalisema kama wahasibu. Ahadi si fedha taslimu. Mwaka uliopita tulishangilia ahadi, zikaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, na mpaka tunafunga vitabu nyingine zilikuwa bado ubaoni. Fundi wa paa hapokei herufi. Tumemwomba mwenyekiti kwamba safari hii tusitangaze ahadi kwa kipaza sauti. Tutatangaza stakabadhi.

Meza iko pale nyuma, karibu na mlango wa kutokea, na dada zetu wawili wa kamati wana kitabu cha stakabadhi chenye namba mfululizo. Namba ya akaunti imeandikwa kwenye jalada la nyuma la kijitabu. Ukilipa kwa simu au benki, baki na ujumbe wako uwaonyeshe, waandike. Kilomita za mwanzo zimeshachukuliwa na akina mama wa Kimara tangu asubuhi, na ile ya mwisho, ya kuingia uwanjani, mzee mmoja ameilipia kabla hatujafungua kikao na hataki kutajwa. Zilizobaki ni za katikati, zile za mlima.