Kupanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Izimbya: Historia, Hatari na Sharti Letu

Maneno ya wana-Izimbya waishio Moshi na Arusha mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati ya harambee ilituomba sisi tunaoishi karibu na Mlima Kilimanjaro tuzungumzie pendekezo la vijana wetu. Pendekezo mnalijua. Kundi la wana-Izimbya lipande mlima huo, kila mwanachama aahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila mita watakayopanda, na makusanyo yaingie katika mfuko wa maendeleo ya nyumbani. Tumelijadili na tunaliunga mkono, ila tuna sharti moja. Kabla ya kulitaja, tunaomba tuwaeleze huo mlima ni kitu gani.

Kuchangisha fedha kwa kupanda mlima si jambo geni. Jirani zetu wa mgodi wa Geita walianzisha Kili Challenge mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na wanaiendesha pamoja na TACAIDS. Watu hupanda, wengine huzunguka mlima kwa baiskeli, na fedha hukusanywa. Kwa hiyo anayedhani vijana wetu wameota ndoto atambue kwamba wenzetu wamekwisha kuifanya.

Milima mirefu nayo si habari ya mbali na sisi. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke, akiwa Karagwe kwa Mukama Rumanyika, aliviona kwa mbali vilele vya Mufumbiro, ile milima ya volkano iliyo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo. Magharibi mwa Uganda iko Ruwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na msafara wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia. Kilimanjaro ndio mrefu kuliko yote Afrika: mita 5,895.

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mwaka 1848 na kuandika kwamba juu kuna theluji. Mabingwa wa jiografia huko Ulaya walimbishia. Wachagga hawakuhitaji kuambiwa. Rebmann mwenyewe alisimuliwa habari ya mangi mmoja wa Machame aliyewatuma watu wake wakachunguze kile kitu cheupe kilichong'aa juu ya mlima. Karibu wote walipotea, na aliyerudi alirudi mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Hiyo ni ajali ya mlimani iliyotangulia zote tunazozijua katika nchi yetu, na ilitokea kabla ya Mzungu yeyote kuukanyaga mlima huo.

Baron von der Decken alijaribu mwaka 1861, akajaribu tena 1862, akaishia njiani. Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Mjerumani Hans Meyer alishindwa 1887. Mwaka 1888 hakuufikia kabisa, maana vita vya Abushiri vilimkuta, akakamatwa, akaachiwa kwa kulipa fidia. Alirudi mara ya tatu mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria.

Safari hiyo ya tatu ina somo kwetu. Meyer alikuwa amegundua kosa la wote waliotangulia: walipanda kwa haraka, chakula kikaisha, wakashuka. Safari hii aliweka kambi ngazi kwa ngazi, na wapagazi wakapandisha vyakula hadi juu. Mtu mmoja kutoka Pangani, Mwini Amani, alibaki kuilinda kambi ya juu siku nyingi katika baridi ile, wakati Wazungu wawili wakipanda na kushuka. Anayetajwa kuwa mwongozaji wao ni kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, ambaye alikuja kuheshimiwa mwaka 1989 katika kuadhimisha miaka 100 ya safari hiyo, na alifariki 1996.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingoni mwa kreta. Waliona kilele kwa macho yao, lakini nguvu zilikuwa zimewaishia na muda umekwenda. Wakageuka, wakashuka, wakalala. Tarehe 6 Oktoba walipanda tena wakafika. Kama wangeng'ang'ania siku ile ya kwanza, huenda majina yao tungeyasoma katika orodha ya waliokufa. Miaka 72 baadaye, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge na kusimamisha bendera yetu kwenye kilele hicho, nacho kikaitwa Uhuru.

Sasa tuje kwenye hatari. Sisi tumezoea vilima vya nyumbani. Mtu anatoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani, anafika kibanjani bila kutua. Nguvu hizo ni nzuri, lakini kule hazitoshi, kwa sababu kinachopungua kule ni hewa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa bado ni karibu tisa ya kumi ya ile ya Dar es Salaam. Kileleni Uhuru inabaki kama nusu. Kila pumzi unayovuta inakupa nusu ya kile ulichozoea.

Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini unahitaji siku. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala usiku pasizidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500 au hivi. Tazameni sasa njia ya Marangu: unalala Mandara kwenye mita kama 2,700, kesho yake Horombo 3,700, keshokutwa Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema polepole, na ndiyo maana anayelala siku ya ziada pale Horombo ana nafasi nzuri zaidi kuliko anayekwenda moja kwa moja ili kuokoa gharama.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi kupaa. Wengi huzipata, na wengi hupona wakipumzika papo hapo. Hatari ni pale mgonjwa anapozidi kupanda. Maji huanza kujaa kwenye mapafu: mtu anakohoa, anatweta hata akiwa amekaa, na mwishowe anatoa povu lenye damudamu. Au ubongo huvimba: mtu anayumba kama aliyeshinda kwenye lubisi, anaongea maneno yasiyoeleweka, na ukimwambia atembee kwenye mstari ulionyooka anashindwa. Akifikia hapo, dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vidonge na mtungi wa oksijeni husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka.

Ugonjwa huu hauchagui mnyonge. Kijana mwenye misuli yuko hatarini zaidi akitaka kuwaonyesha wenzake, kwa sababu anatembea haraka na anaficha maumivu. Tena liko jambo linalotuhusu sana sisi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande kabisa, maana upungufu wa oksijeni unaweza kumwamshia maumivu makali na hata kumuua. Aliyerithi selimundu upande mmoja tu, asiyejiona mgonjwa, naye amwone daktari kwanza.

Mawe nayo yanaua. Januari 2006 Wamarekani watatu walifariki kwa maporomoko ya mawe kwenye njia ya Western Breach. Baridi inaua pia, na mara nyingi imewaua wapagazi, ambao kule Moshi tunawaita wagumu. Hao ndio wanaobeba mahema, vyakula na majiko, wakati mwingine wakiwa na viatu vilivyochakaa na koti la kuazima. Kanuni inasema mzigo usizidi kilo 20. Mtoto wa mtu asife kwa baridi akiwa amebeba mizigo ya harambee yetu.

Mlima Everest unatufundisha kwa ukali zaidi. Mwafrika Mashariki anaweza kuufikia: Mtanzania Wilfred Moshi alifika mwaka 2012, na Mkenya James Kagambi mwaka 2022 akiwa na miaka 62. Lakini Mei 1996 watu 8 walikufa huko katika dhoruba moja, na baadhi yao walikuwa wameendelea kupanda baada ya saa waliyokubaliana kugeuka kuwa imepita. Mei 2024 Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki kutoka Kenya, alifariki karibu kabisa na kilele, akipanda bila mtungi wa oksijeni, na kiongozi wake Nawang Sherpa akapotea hukohuko. Kilele kikiwa karibu, kugeuka kunakuwa kugumu kuliko kupanda.

Hapo ndipo lilipo sharti letu. Ahadi isiwe kwa mita, wala isitegemee kufika kileleni.

Tupige hesabu. Mwanachama ameahidi shilingi 100 kwa kila mita. Mpandaji akifika Uhuru, ni shilingi 589,500. Kichwa kikimwuma akageukia Kibo, ni shilingi 470,000. Tofauti ni shilingi 119,500, tena kwa mwanachama mmoja tu. Sasa mweke kijana wetu pale Kibo saa sita usiku, anatapika, na anajua nyumbani wameahidi wanachama mia. Atawaza madawati, atawaza vitanda vya wodi, atawaza aibu, na atapanda. Tutakuwa tumemlipa ili afiche ugonjwa wake.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo manne. La kwanza, kila ahadi iwe ya jumla, na ilipwe yote kabla kundi halijapita langoni. Anayegeukia Mandara na anayefika Uhuru wawe wameiletea Izimbya fedha ileile. La pili, gharama za kupanda zisitoke kwenye michango. Mpandaji ajilipie au atafute mfadhili wake, ili shilingi ya bibi aliyeuza kahawa isiishie kwenye kiingilio cha hifadhi. La tatu, kila mpandaji apimwe na daktari, ikiwemo selimundu na shinikizo la damu, na safari iwe ya siku 6 au zaidi. La nne, tuajiri kampuni inayowalipa na kuwavalisha vizuri wagumu wake, na kauli ya kiongozi wa msafara ya kumshusha mtu isipingwe na mtu yeyote, hata akiwa mwenyekiti wa tawi.

Sisi wa Moshi na Arusha tutawapokea wapandaji, tutawapa malazi kabla na baada ya safari, na tutawatafutia majaketi na mifuko ya kulalia ya kukodi kwa bei nafuu. Siku watakaposhuka tutakuwa langoni tukiwahesabu, na hesabu hiyo ndiyo tutakayowapigia simu ya kwanza. Ya waliofika kileleni itafuata.

Fomu za ahadi mnazo mikononi. Tunawasihi mziandike leo, kiasi kizima, bila kutaja mita.